Lishe ya Mfanyakazi na Kliniki ya Wagonjwa wa Nje Nchini Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mashambani, viwandani, barabarani, sokoni na maofisini ambao wameshauriwa kumwona afisa lishe, au wanaofikiria kufanya hivyo. Yameongozwa na jambo moja ambalo husahaulika mara nyingi kliniki: mfanyakazi hula kile ambacho saa za kazi, mfuko wake na jiko lililo karibu vinamruhusu kula. Ushauri usiozingatia hayo haumalizi hata wiki moja.

Huduma ya lishe kwa wagonjwa wa nje ni nini hasa?

Ni huduma anayopewa mtu ambaye hali yake haimlazimu kulazwa. Anafika, anapimwa, anazungumza na afisa lishe, wanakubaliana hatua chache za kuanzia, kisha anarudi nyumbani na kazini akiwa na tarehe ya kuonana tena. Kulazwa huwahusu watu waliodhoofika sana na ambao pia wana homa kali, uvimbe wa miguu, kutapika kusikokoma au kushindwa kula kabisa.

Hapa Uganda neno lishe huwafanya wengi wafikirie watoto, na kitengo cha Mwanamugimu katika hospitali ya Mulago, Kampala, kimejulikana kwa kuwahudumia watoto wenye utapiamlo. Hata hivyo, fundi mwenye kisukari, mchuma chai mwenye upungufu wa damu na askari ambaye presha yake haishuki wote wana shida ambayo chakula ni sehemu ya tiba yake. Wasione haya kukaa kwenye benchi la kliniki ya lishe.

Nitajuaje kwamba ninahitaji kumwona afisa lishe?

Njoo ikiwa umepungua uzito bila kukusudia, hasa ukipoteza kilo 3 au zaidi kati ya kila kilo 60 ulizokuwa nazo ndani ya miezi 6. Njoo ikiwa umepimwa shinikizo la damu likawa 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, au sukari yako ya asubuhi kabla ya kula ikafika milimoli 7.0 kwa lita. Njoo pia ikiwa unachoka mapema kuliko wenzako wa zamu moja, unapata kizunguzungu ukiinuka, viganja vyako vimepauka, au suruali ya mwaka jana haifungi tena. Wengine huletwa na vidonda vya tumbo, mawe ya figo, gauti, au ujauzito. Kiu isiyoisha pamoja na kukojoa mara kwa mara usiku visingoje siku ya mapumziko.

Nianzie wapi, na je, nitalipa?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu na unapoishi au unapofanyia kazi. Vituo vya daraja la III na la IV hupima uzito, presha, malaria na vipimo vya msingi vya maabara, na panapohitajika utaalamu zaidi utaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya jumla au hospitali ya rufaa ya mkoa, kama zilizopo Jinja, Mbale, Masaka, Mbarara, Gulu, Arua na Fort Portal. Ada katika vituo vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, isipokuwa katika kliniki na wodi za kulipia. Pamoja na hayo, kipimo au dawa ikikosekana kituoni mgonjwa hulazimika kununua nje, kwa hiyo ni busara kuwa na akiba kidogo.

Beba daftari lako. Katika vituo vingi mgonjwa huandikiwa maelezo yake kwenye daftari la kawaida la shule, na daftari hilo ndiyo kumbukumbu pekee ya uzito na presha yako ya miezi iliyopita. Dereva anayetibiwa leo Malaba na mwezi ujao Mbarara atapata huduma bora zaidi akiwa na daftari moja lililojaa kuliko matano yenye ukurasa mmoja mmoja. Beba pia dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba.

Siku ya kwanza nitafanyiwa nini?

Utapimwa uzito na urefu ili kupata uwiano wake: kati ya 18.5 na 24.9 ni kawaida, chini ya hapo ni uzito pungufu, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Huenda ukapimwa pia mzingo wa mkono wa juu, hasa ukiwa umekonda au mjamzito, na mzingo wa kiuno, kwa sababu mafuta ya tumboni ni hatari zaidi kwa moyo na kongosho kuliko yale ya mapajani. Kisha utaulizwa ulichokula tangu jana saa kama hii.

Hapo nina ombi. Sema ukweli, hata kama jana ulikunywa chai tupu asubuhi na kula chapati mbili saa kumi jioni. Usimpe afisa lishe orodha ya vyakula unavyodhani anapenda kuvisikia. Na asipokuuliza kuhusu kazi yako, mwambie wewe: unaamka saa ngapi, unabeba mizigo au unakaa, chakula cha mchana kinatoka wapi, mapumziko ni ya dakika ngapi, nani anapika nyumbani, na unalipwa kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Mtu anayebeba magunia kutwa anaweza kuhitaji zaidi ya kilokalori 3,000 kwa siku, na kumpangia chakula cha karani ni kumnyima nguvu ya kutafuta riziki yake.

Kazini tunapewa posho (ugali wa mahindi) na maharagwe kila siku. Nitabadilisha nini wakati sipiki mimi?

Hili ndilo swali linaloulizwa zaidi, na jibu lake linaanza na habari njema. Posho na maharagwe si chakula kibaya. Protini ya mahindi ina upungufu ambao protini ya maharagwe huujazia, na maharagwe huleta pia nyuzinyuzi na madini ya chuma. Tatizo limo katika vipimo. Katika Kiluganda, emmere ni matoke, posho, viazi au muhogo, na kinacholiwa nacho ni enva. Mazoea yetu yamefanya emmere ijaze sahani na enva iwe ya kulainisha tonge. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban kilokalori 360, na sahani ya kiwandani inaweza kubeba unga mara mbili au tatu ya huo, huku maharagwe yakihesabika.

Mwombe mpishi akupunguzie posho na kukuongezea maharagwe. Mara nyingi hukubali, kwa kuwa hakuna kinachoongezeka kwenye sufuria. Toka nyumbani na kitu cha kuongeza: parachichi, nyanya mbili, chungwa, au kikopo kidogo cha dodo (mchicha) au nakati, mboga nyingine ya majani, zilizopikwa jana usiku. Mukene (dagaa) wa kukaanga bila mafuta, ukisagwa na kubebwa kwenye chupa safi yenye kifuniko, hunyunyizwa juu ya maharagwe na kuongeza protini na kalsiamu bila kuhitaji jiko wala friji. Kwa mtu mwenye kazi nzito na uzito pungufu posho isipunguzwe. Yeye aongeze karanga, simsim (ufuta) au odii (siagi ya karanga na simsim).

Wafanyakazi wakizungumza na mwajiri kwa pamoja, waombe mambo matatu ambayo hayagharimu sana: mboga za majani angalau mara tatu kwa wiki, maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha ili yaive haraka bila magadi, na unga ulioongezewa virutubisho. Kanuni za mwaka 2011 zinavitaka viwanda vikubwa viongeze vitamini na madini kwenye unga wa mahindi, unga wa ngano na mafuta ya kupikia. Mashine ndogo za kusaga mitaani hazimo. Magadi nayo hulainisha maharagwe kweli, lakini huharibu baadhi ya vitamini B na kuongeza sodiamu, ambayo mtu mwenye presha anapaswa kuikwepa.

Nimeambiwa nina kisukari. Je, niache matoke kabisa?

Hapana. Matoke ni wanga, kama ilivyo posho, wali, muhogo na kalo (ugali wa ulezi), na wanga wote hugeuka sukari mwilini. Kinachotofautiana ni kasi na kiasi. Aliyekatazwa matoke akahamia kwenye mlima wa kalo hajapata nafuu, hata kama ulezi una kalsiamu na nyuzinyuzi zaidi. Igawe sahani hivi: nusu mboga, robo wanga, robo maharagwe, samaki, yai au nyama. Kunywa maji, na chai isiyo na sukari. Soda ya kola ya mililita 500 hubeba zaidi ya gramu 50 za sukari, kiasi ambacho peke yake kinafikia kikomo cha siku nzima kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000. Juisi ya pasheni iliyotiwa sukari haiko mbali na hapo, ingawa ni ya matunda.

Hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha ni ile ya sukari kushuka. Ukitumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi asubuhi, kisha chakula cha mchana kikachelewa kwa sababu mzigo haujamalizika kupakuliwa, sukari inaweza kushuka ghafla ukatetemeka, ukatoka jasho, ukachanganyikiwa, na ukiwa juu ya bodaboda au kando ya mashine ikawa ajali. Kwa hiyo tembea daima na sukari ya vijiko 3 au 4 vya chai kwenye karatasi. Dalili zikianza, simama, ikoroge kwenye maji unywe, subiri dakika 15, urudie ikiwa hujapata nafuu, kisha ule chakula. Mwenzako mmoja wa zamu ajue jambo hili, kwa maana aliyechanganyikiwa hawezi kujieleza. Ikiwa saa zako za chakula hazitabiriki, mweleze daktari. Dawa na muda wa kuzitumia vinaweza kupangwa upya. Usiache dozi kwa uamuzi wako.

Je, katunkuma inatibu presha?

Katunkuma, vitunda vichungu vya jamii ya bilinganya, ni mboga nzuri na hakuna ubaya kuila. Ila mtu asiache vidonge vya presha kwa sababu ameanza kuitafuna kila asubuhi. Wengine hufanya hivyo, wakajisikia salama kwa muda, kisha wakarudi hospitalini na kiharusi, kwa sababu presha haina maumivu ya kumwonya mtu.

Chakula kinachosaidia presha kwa uhakika ni kile chenye chumvi kidogo. Kikomo kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kikijumlisha chumvi ya kwenye sufuria, ile inayonyunyiziwa muchomo (nyama choma) na chipsi, vidonge vya kuongeza ladha, na samaki waliokaushwa kwa chumvi. Waloweke samaki hao, ubadilishe maji mara mbili, kisha usiongeze chumvi nyingine. Ndizi, maharagwe na mboga za majani zina potasiamu inayosaidia kushusha presha, lakini mwenye ugonjwa wa figo asiziongeze kabla ya kupimwa, kwa kuwa potasiamu ikizidi huathiri mapigo ya moyo.

Mimi ni dereva wa masafa marefu. Ninakula barabarani tu.

Foleni ya mpakani Malaba au Busia inaweza kumeza siku nzima, na kinachopatikana dirishani ni rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), chipsi, muchomo na soda. Rolex yenyewe inaweza kurekebishwa: agiza chapati moja, mayai mawili, nyanya, vitunguu na kabichi kwa wingi, na umwombe kijana apunguze mafuta kwenye kikaango. Kikomando, yaani chapati na maharagwe, kishibishe kwa maharagwe. Weka kwenye kabini jerikeni la maji safi, karanga za kuchoma na matunda yenye ganda kama ndizi na machungwa. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe, kwa kuwa huenda zina sumukuvu ya aflatoksini, ambayo hudhuru ini na haiondoki kwa kukaangwa.

Vinywaji vya kuongeza nguvu havitibu usingizi. Huuahirisha, na huacha sukari nyingi mwilini mwa mtu aliyekaa saa kumi bila kutembea.

Ninafanya zamu ya usiku. Nile saa ngapi?

Kula mlo kamili kabla ya kuingia kazini, mlo mdogo katikati ya zamu, na kitu chepesi kabla ya kulala asubuhi. Mlo mzito usiku wa manane huleta kiungulia na kusinzia, na mwili katika saa hizo hudhibiti sukari vibaya kuliko mchana. Acha chai na kahawa saa 6 kabla ya muda wako wa kulala.

Nimeambiwa nina damu kidogo. Je, chakula pekee kinatosha?

Mara nyingi hakitoshi, na ndiyo maana ni lazima chanzo kitafutwe. Kwa mwanamke asiye mjamzito upungufu huhesabiwa hemoglobini ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, kwa mjamzito chini ya 11, na kwa mwanamume chini ya 13. Malaria, minyoo ya safura, hedhi nzito, vidonda vya tumbo na selimundu vyote vinaweza kuwa nyuma yake, na hakuna kiasi cha mboga kitakachoshinda minyoo inayonyonya damu kila siku. Anayelima pekupeku apimwe choo.

Upande wa chakula, madini ya chuma yaliyo rahisi kufyonzwa yamo kwenye maini, nyama, kuku na samaki. Ya maharagwe na mboga hufyonzwa kwa kiasi kidogo kuliko hayo, lakini chungwa, pasheni, pera au nyanya mbichi ikiliwa katika mlo huohuo husaidia sana. Chai hufanya kinyume. Wachuma chai wanaokunywa kikombe pamoja na kila mlo wangefaidika sana kwa kukinywa saa moja tu baada ya kula. Ni badiliko lisilo na gharama, na ninalipendekeza kabla ya mengine yote. Vidonge vya chuma hufanya choo kuwa cheusi, jambo ambalo si la kutisha, na vinapaswa kuendelea kwa miezi kadhaa hata baada ya nguvu kurudi.

Ninatumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Lishe inahusika vipi?

Inahusika sana. Dozi ya kifua kikuu hupangwa kwa uzito, kwa hiyo uzito ukibadilika dozi hupitiwa upya, usikose mizani. Aliyekonda sana anaweza kupewa chakula tiba cha pakiti, mchanganyiko wa karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, ambacho katika gramu 92 hubeba kilokalori 500. Ninaelewa uzito wa moyo wa mzazi anayekula pakiti hiyo mbele ya watoto wasioshiba. Hata hivyo imehesabiwa kama dawa yako, na ukiigawa hutapona wewe, wala haiwatoshi wao. Mweleze mhudumu hali ya nyumbani, maana watoto nao wanaweza kupimwa na kupata huduma yao.

Mshahara ukikaribia kuisha ninabaki na chai na posho. Nifanye nini?

Hakuna maneno ya kliniki yanayoweza kuchukua nafasi ya mshahara wa kutosha, na sitadai hivyo. Kinachosaidia ni kununua vinavyokaa siku ile ya malipo: maharagwe makavu, mukene, karanga, chumvi yenye madini joto na mafuta. Fedha ya kila siku ibaki kwa mboga na matunda ya msimu. Panapopatikana miche, panda viazi vitamu vya rangi ya chungwa hata kwenye kipande kidogo cha ardhi. Vina vitamini A kwa wingi, na Mganda Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa wanasayansi wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, yeye akiwa amewekeza kazi yake katika kuviendeleza viazi hivyo. Dodo hukubali kwenye gunia la udongo nje ya mlango.

Je, mwajiri analazimika kuniruhusu kwenda kliniki?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyeshindwa kufanya kazi kwa ugonjwa haki ya mshahara kamili katika mwezi wa kwanza, mradi awe amefanya kazi mfululizo kwa angalau mwezi mmoja, amjulishe mwajiri mapema na alete cheti cha daktari akitakiwa. Mjamzito ana likizo ya siku 60 za kazi yenye malipo. Kwa miadi ya nusu siku, omba karatasi ya kliniki yenye tarehe na muhuri, na uombe miadi ijayo iangukie siku yako ya mapumziko. Huna wajibu wa kumweleza msimamizi ugonjwa wako kwa kirefu.

Vipi kuhusu unga na chupa za kupunguza unene zinazouzwa vituo vya mabasi?

Usinunue. Dawa halali husajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, na bidhaa isiyoeleza kilichomo inaweza kudhuru ini na figo au kugongana na dawa zako. Kasi salama ya kupungua ni kati ya nusu kilo na kilo moja kwa wiki, na mtu wa kilo 90 akipoteza kilo 5 tu tayari presha na sukari vinaweza kuanza kushuka.

Ramadhani ikifika nitafunga?

Mwenye kisukari anayetumia insulini, mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo waonane na daktari mwezi mmoja au miwili kabla. Wanaofunga wachelewe kula daku, wafuturu kwa tende chache na maji, na wafungue swaumu mara sukari inaposhuka chini ya milimoli 4.

Nirudi baada ya muda gani, na nije na nini?

Kwa kawaida ni baada ya wiki 2 ikiwa unatibiwa utapiamlo, na baada ya mwezi 1 hadi miezi 3 kwa kisukari, presha au unene. Njoo na daftari, dawa zako, na siku tatu za chakula zilizoandikwa kwa ufupi, mojawapo ikiwa siku ya zamu ndefu. Ikiwa hukuweza kutimiza mlilokubaliana, njoo hivyohivyo na ueleze kilichokuzuia, ili mpango ubadilishwe uendane na kazi yako.